Kitabu Alichoshona Jirani

Kila nikisikia harufu ya wino na mafuta ya taa, namwona mama yangu kule Bunia, aproni imechafuka mpaka kifuani. Alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, akalilaza katika asidi, kisha akalipaka wino na kulipitisha kwenye presi, mashine yake ya kuchapia, pamoja na karatasi yenye unyevu. Kurasa tulizianika kwenye kamba sebuleni kama nepi.

Siku moja, shule ilikuwa ifunguliwe kesho yake. Vitabu thelathini vya watoto vilikuwa bado kushonwa, na asidi ilikuwa imeunguza mkono wa mama. Ndipo jirani yetu, fundi wa nguo, akasimama mlangoni. Vita vya makabila yetu mawili vilikuwa vimekwisha, lakini yeye alikuwa wa kabila lile lingine, na tangu turudi mtaani yeye na mama hawakuwa wamesalimiana.

"Nasikia mukono yako iko nauma," alisema. "Leta sindano, nikusaidie."

Mama alimsogezea kigoda.

"Ikala, dada," alisema. "Lakini shona polepole. Karatasi iko laini."

Walishona mchana kutwa. Mwanzoni waliongea habari ya uzi tu, baadaye habari ya watoto. Ghafla jirani akaziba mdomo: kurasa za kitabu kimoja alikuwa amezishona kichwa chini.

"Nimeharibisha! Nifumue?"

Mama alikigeuza huku na huku, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Usifumue. Hii ni ya kwangu."

Shule ilipata vitabu ishirini na tisa. Hicho kimoja mama alikiweka kando ya Biblia.