Orval Sandy na Fimbo Isiyokauka

Orval Sandy hatengenezi fimbo tena. Wateja bado wanakuja, wengine kutoka mbali, wanasimamisha gari mbele ya karakana yake na kupiga honi, na yeye hatoki. Wakichoka wanavuka barabara kuja kugonga kwangu, kwa kuwa wameambiwa mimi ni shemeji yake. Nawaambia mzee amestaafu. Wanataka kujua kwa nini fundi wa aina ile aache kazi angali na nguvu zake, nami nawajibu kwamba mimi si msemaji wake. Sasa nimechoka kuwadanganya watu mlangoni kwangu, kwa hiyo nitaisema habari hii mara moja, nisiulizwe tena.

Alimwoa dada yangu Lorna zamani, alipokuwa akifunga vyuma vya maghorofa kule Buffalo. Siku za kazi alikuwa juu ya boriti, mwisho wa juma yuko hapa kwetu, kwenye ardhi yetu wenyeji wa asili ng'ambo ya mpaka, anatamba. Mdomo alikuwa nao, na sisi mashemeji tulimpenda kwa huo mdomo, maana nyumba ya baba yetu ilikuwa kimya mno. Alipoanguka na kuvunja nyonga akaacha vyuma, akarudi kwenye kazi ya baba yake, kuchonga fimbo za lakrosi, zile zenye wavu kichwani za kudakia na kurushia mpira, kwa mti mgumu wa hikori. Hawakujaliwa mtoto. Lorna alipofariki nilijua kabisa kwamba Orval atarudia chupa. Hakurudia. Alikwenda kuomba funguo za boksi la zamani.

Boksi ni uwanja wetu wa ndani, sakafu ya saruji iliyozungushiwa mbao, na mpira wa lakrosi ukigonga zile mbao hautoki nje, unarudi kukutafuta. Huo ni mchezo wa kiangazi. Baridi ikiingia watoto wengi wanahamia hoki ya barafu, wanabaki wale ambao vifaa vya hoki vimewashinda wazazi wao, na wale ambao wana kichaa cha lakrosi na hawataki kusikia kitu kingine. Hao ndio Orval aliwakusanya kila Jumamosi, majira yote ya baridi, ndani ya boksi lisilo na joto. Mimi alinipa jiko. Hakuniuliza kama nataka. Nilipika supu ya mahindi na kukaanga mikate, na watoto wakaja kula huku pua zinawachuruzika.

Kulikuwa na kitu kimoja walichokipata kwa Orval tu. Kwenye ligi ya kiangazi watoto hawaruhusiwi fimbo za mbao, ni plastiki tupu, eti mbao zinaumiza. Kwenye mazoezi ya baridi ya Orval, mtoto aliyeonyesha heshima alishika mbao. Na mtoto wa kwetu anajua uzito wa jambo hilo. Mwanamume wa kwetu akifa anawekewa fimbo yake ya mbao ubavuni, kwa sababu kule anakokwenda kuna mchezo unamsubiri. Plastiki haiendi huko.

Kwa hiyo kumtengenezea mgonjwa fimbo si jambo dogo, na Orval alikuwa na kovu lake hapo. Kaka yake Clifford alipolazwa, Orval alichonga fimbo mbiombio akampelekea kitandani. Clifford akaipokea, akaipapasa, akasema asante. Asubuhi hakuamka. Lorna aliniambia kwamba tangu siku ile mumewe hakukubali tena kumchongea mtu mgonjwa, hata aombwe vipi.

Basi akaja Layne.

Layne alikuwa mtoto wa Marnie, na Marnie ni binti wa dada yake Orval. Kwetu ukoo unafuata mama, kwa hiyo yule kijana alikuwa damu ya Orval kabisa, wa ukoo wa kobe kama yeye, karibu sana na mtoto ambaye hakumpata. Alikuwa na miaka kumi na mitano, anatumia mkono wa kushoto, na ana ulimi wa babu yake. Saratani ya damu ilikuwa imemshika akiwa mdogo ikaondoka. Wakati tunavuna mahindi ikarudi, na safari hii madaktari wa Hamilton walimwambia Marnie kwamba watampunguzia maumivu, basi.

Jumamosi ya kwanza ya mazoezi alikuja kwa miguu yake. Orval alikuwa amepiga goti anamfunga kamba mtoto mmoja mdogo.

"Babu, nataka fimbo ya mbao."

"Una plastiki ngapi kwenu? Za kuanikia nguo?"

"Nataka ya mbao. Nicheze nayo humu ndani kabla hujafunga mazoezi. Hata mechi moja."

"Fimbo si mkate wa kukaanga, kijana, utupe kwenye mafuta ugeuze."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mapema."

Wenzake wakacheka. Orval hakucheka. Layne akainama ili wale wadogo wasisikie, lakini mimi nilikuwa dirishani pa jiko na nikasikia.

"Na ile sababu nyingine naijua, babu. Usinifiche. Lakini kwanza nataka kucheza."

Orval akaendelea kufunga zile kamba muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji. Kisha akasema sawa, nitakuchongea. Nilifurahi mpaka nikamwaga supu. Niliona amevunja kiapo chake kwa ajili ya huyu mtoto, na nilimheshimu kwa hilo.

Tena alikuwa na mti. Juu kwenye paa la karakana yake ilikuwapo fimbo moja aliyoikunja zamani kwa mvuke na kuifunga waya, ikining'inia kule juu ikauke, na mkunjo wake ulimfaa mtu wa mkono wa kushoto. Kilichobaki kilikuwa kuichonga na kuifuma wavu wa ngozi. Aliishusha, akaanza.

Halafu ikaanza habari ya "bado". Kila Jumamosi Layne alifika, na kila Jumamosi Orval alimwambia bado haijakauka. Mwanzoni kijana alicheza na plastiki yake, dakika chache, akakaa. Baadaye akawa anakaa tu, amevimba uso kwa dawa, anawapigia wenzake kelele.

"Layne, shavu hilo umeficha mpira?" golikipa akamwuliza siku moja.

"Nimeuficha. Wewe si huuoni hata ukiwa nje?"

Watoto wakaangua kicheko mpaka mazoezi yakasimama. Hivyo ndivyo walivyompenda, hawakumfanyia uso wa msiba hata siku moja. Sisi watu wazima ndio tuliokuwa hatujui pa kutazama.

Marnie hakuwa na subira ya mwanawe. Alikuja jikoni kwangu siku moja akamkuta Orval anakunywa chai.

"Mjomba, fimbo imefika wapi?"

"Bado mbichi. Nikiimaliza mbichi itapinda."

"Ipinde. Nani atalalamika?"

"Mimi nitalalamika. Sitoi kitu kibovu kwa jina langu."

"Jina lako," akasema Marnie. Akatoka bila kuaga.

Hakuna aliyeweza kumpinga. Sisi wanawake hatugusi fimbo ya mbao ya mwanamume. Si kwamba tunaogopa, ndio utaratibu wetu, na mimi naufuata. Kwa hiyo Marnie hakuweza kuichukua akaipima mkononi, wala mimi. Layne mwenyewe angeweza, lakini kila alipoomba kwenda karakana kuiona, Orval alimwambia asubiri, jasho la mikono litaiharibu. Sijawahi kusikia jasho likiharibu fimbo. Zinanywa jasho maisha yao yote.

Wiki moja hivi baada ya sherehe zetu za katikati ya baridi nilimpelekea pai karakana. Nilimkuta ameegemea meza, anafumua wavu wa ile fimbo, kamba baada ya kamba. Ilikuwa imeshachongwa, imelainishwa, inang'aa.

"Shemeji, si ulikuwa umeshaufuma huo?"

"Kamba zimelegea."

"Wiki iliyopita pia ulisema zimelegea."

"Wewe umekuwa fundi lini?"

"Nina macho, mzee. Mtoto anaisha."

Akanyanyua uso, na nikaona kwamba amezeeka ghafla. "Unadhani mimi sioni?" akaniuliza. Nikaweka pai mezani nikaondoka nimenuna. Nilidhani ni ule ubishi wa mafundi, kwamba heri mtu asubiri kuliko fundi aaibike, na nilimkasirikia kwa hilo. Laiti ungekuwa ubishi tu.

Jumamosi ya mwisho Layne aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi. Watoto wote walijua siku ile ni ya nini. Waligawana timu bila kugombana, jambo ambalo sijaliona tena, na upande mmoja wakaacha nafasi ya mtu. Orval akaingia mlangoni mikono mitupu.

Layne akaiangalia ile mikono.

"Bado," akasema Orval. "Haijakauka vizuri. Sikiliza, mwaka huu sitafunga mazoezi. Tutaendelea humu humu mpaka kiangazi kianze. Utaicheza."

"Babu, mimi siendelei mpaka kiangazi."

Aliisema taratibu kabisa, kama mtu anayesema Jumanne hana nafasi. Hakulia wala hakumlaumu. Akaomba plastiki ya golikipa, wenzake wawili wakamsimamisha karibu na mbao, wakamrushia mpira polepole. Akaudaka wa kwanza. Wa pili ukamponyoka, na wa tatu hakuweza kuinua mikono. Wakamkalisha. Mechi ikaendelea kwa sababu yeye alisema iendelee, na yule golikipa alidaka huku machozi yanamtoka ndani ya kofia ya chuma, ikawa magoli yanaingia tu. Mimi nilizima jiko nikakaa sakafuni.

Alifariki kabla theluji haijayeyuka.

Kwetu koo zimegawanyika pande mbili, na msiba ukiingia upande mmoja, upande wa pili ndio unaofanya kazi yote. Wafiwa hawachimbi, hawapiki, hawamvishi marehemu. Wanakaa. Mimi ni wa upande wa pili, kwa hiyo tulipika, vijana wetu wakachimba kaburi kwenye udongo ulioganda, na Hubert Isaacs akapewa kazi ya kumlaza kijana na vitu vyake. Hubert naye ni mchonga fimbo. Yeye na Orval wameshindana tangu ujana, na ni watu wasiosifiana.

Orval akaja na fimbo ameifunga kwenye shuka. Kwa kuwa ni mfiwa hakuruhusiwa kuiweka mwenyewe, akamkabidhi Hubert. Marnie alikuwa amekaa kiti cha mbele, karibu na jeneza, na mimi nilikuwa nyuma yake nimemshika mabega.

Hubert akaifungua. Chumba kizima kilivuta pumzi, maana ilikuwa fimbo nzuri, nyembamba shingoni, mkunjo wake kama umeota wenyewe. Akaipima mkononi, akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia sauti kavu. Nadhani alitaka kumfariji mpinzani wake, na hakuwa na kingine cha kumpa isipokuwa sifa.

"Mzee, hii nakuvulia kofia," akasema. "Imekauka mpaka moyoni. Mti huu uliukunja si chini ya miaka miwili, au nakosea?"

"Hukosei," akasema Orval.

"Na ngozi hii imeshafumwa na kufumuliwa zaidi ya mara moja, alama hizi hapa. Umeihangaikia kwelikweli."

Nilihisi mabega ya Marnie yanakuwa magumu mikononi mwangu. Hakugeuka. Alimwuliza akiwa anamtazama mwanawe.

"Ilikuwa tayari lini, mjomba?"

Orval angeweza kudanganya. Kulikuwa na njia nyingi za kujibu, na baridi yote alikuwa amezifanyia mazoezi. Lakini alisema kweli.

"Kabla ya sherehe za katikati ya baridi."

Hubert akabaki ameishika ile fimbo, hajui aiweke au airudishe. Nje nilisikia vijana wetu wanakung'uta matope kwenye viatu. Nilitaka Marnie apige kelele, au ampige, na ningemwachia.

"Nilimpa Clifford ya kwake akafa," Orval akasema. Mdomo ule wote aliokuwa nao ulikuwa umemkauka. "Nikajua nikiimaliza hii, nikimkabidhi, ataondoka. Kila nilipofuma mwisho mkono ulikataa. Nilikuwa namzuia, Marnie. Nilidhani namzuia."

"Ameondoka, mjomba," akasema Marnie. "Angeondoka amecheza."

Orval akaangalia pembeni, walikokaa watoto wa mazoezi ya Jumamosi wamevaa mashati ya mikono mirefu, na mmoja wao hakuweza kumtazama. Kisha akamwambia Hubert kwa sauti ndogo kwamba labda wale vijana waichukue kwanza, waicheze kidogo pale nje, ili asifike nayo kule ikiwa mpya hivyo.

"Hapana," akasema Marnie. "Hakuicheza yeye, hataicheza mtu. Iweke, Hubert. Mkono wa kushoto."

Hubert akaiweka. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.