Belt ya lori ilikatika Ikutha tukipeleka mbuzi wa ntheo Kalamba

Wakuu, salamu kutoka Kitui. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Mahali nilipokosea nitasema nilikosea, na mkiona najipendelea, nishtueni.

Mimi ni dereva, na lori ni langu. Ni lori dogo la diesel, silitaji aina kwa sababu lori halina kosa. Kosa ni langu.

Kuna mzee mmoja wa Mwingi, tumuite Mzee Mutua. Anauza mbuzi soko la Mwingi tangu mimi niko shule ya msingi. Nimembebea mifugo miaka mingi. Siku moja alinipigia akaniambia anataka lori, lakini mzigo ni mbuzi watatu tu.

Nikacheka. Lori zima kwa mbuzi watatu?

Akaniambia, "Ni ya ntheo."

Nikaacha kucheka.

Kwa wale wasio Wakamba, ntheo ni mbuzi watatu ambao mwanamume anapeleka kwao msichana. Hao ndio ndoa yenyewe. Unaweza kufanya harusi kanisani na keki ya ghorofa nne, lakini kama hao mbuzi hawajafika, kwa wazee wetu huyo bado si mke wako.

Sasa Mzee Mutua amekaa na mkewe, Mama Mwende, miaka thelathini. Watoto wanne. Ameuza mbuzi maisha yake yote, na hakuwahi kupeleka watatu kwa baba mkwe wake kule Kalamba. Mara ukame, mara karo, mara "tutaenda baada ya mvua". Mara mbili alitoa ahadi, wazee wakakaa wakamngoja, hakutokea.

Kilichomfikisha kwenye kona ni binti yake, Mwende. Wakwe wa Mwende walikuwa wanakuja Mwingi Jumamosi, na wao na mbuzi wao. Na kwetu baba hawezi kupokea ntheo ya binti kama ya mama hajapeleka. Wazee wangemuuliza mbele ya wageni.

Baba mkwe alikuwa ametuma neno: wazee wa ukoo wataketi Ijumaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Akikosa mara hii ya tatu, asirudi tena.

Ijumaa alfajiri tukatoka Mwingi. Mzee mbele na mimi, Mama Mwende katikati anasuka kyondo, kile kikapu chetu cha uzi, mbuzi nyuma wamefungwa kamba za katani. Mmoja wao alikuwa beberu mkubwa, mweusi, ana harufu ya kukutoa machozi.

Mama alikuwa anamsukia mama yake hicho kyondo. Alibakisha mdomo tu, akasema atamaliza kwa gari. Yule mama alikuwa na furaha mpaka anaongea peke yake.

Kitui tukapita, Mutomo tukapita. Tukikaribia Ikutha, saa nne hivi, nikasikia kitu kinapiga bonnet kutoka ndani, pap! Taa ya betri ikawaka. Usukani ukawa mzito. Nikaangalia temperature, mshale unapanda. Nikaweka kando nikazima.

Belt imekatika. Hiyo ndiyo inazungusha water pump, kwa hivyo huwezi kusema utajikokota hivyo hivyo. Utaua engine.

Mzee akaniangalia. Nikamwambia, "Tulia mzee, mimi hutembea na spare."

Wakuu, nilisema hivyo kwa maringo. Nikaenda nyuma ya kiti nikatoa belt mpya, bado iko kwa karatasi. Nilikuwa nimeibeba karibu miaka miwili.

Nikaivalisha. Ikaning'inia kama suruali ya marehemu babu.

Hapa lazima niwaeleze ujinga wangu. Lori langu lilitoka na AC. Compressor ya AC ilikufa, fundi mmoja Kitui akaitoa, belt ikapitishwa njia ya mkato. Baadaye nikaongeza taa kubwa za mbele, nikaweka alternator ya gari lingine, kubwa kuliko ya kwanza, na bracket ya kuchomelea. Siku hiyo fundi alijaribu belt nne mpaka akapata inayokaa. Mimi sikuandika namba yake popote. Halafu nikaenda duka, nikataja aina ya lori, nikapewa belt ya lori kama lilivyotoka kiwandani.

Lakini lori langu si la kiwandani tena. Nilibeba spare ya gari ambalo sina.

Nikasukuma tensioner mpaka mwisho, ile pulley ya kukaza. Bado imelegea. Namba ya belt iliyokatika nayo ilishasuguliwa, haisomeki.

(Na mtu asiniletee ile hadithi ya kufunga stocking ya mama badala ya belt. Mama Mwende alikuwa amevaa soksi za football.)

Nikaamua kupima njia ya belt kwa kamba, niende nayo Mutomo kwa boda. Kamba iliyokuwa karibu ni ya yule beberu. Nikakata kipande kirefu. Kilichobaki shingoni hakikufika hata chuma cha lori, ikabidi Mzee ashuke naye akae chini ya mgunga amemshika pembe.

Nikazungusha kamba: crankshaft, water pump, power steering, alternator, tensioner, nikarudi nilipoanza. Nikaivuta. Na dereva akishika kamba hajui kuishika polepole, tumezoea kufunga mizigo. Nilivuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Nikaweka alama kwa fundo.

Mama Mwende alikuwa amesimama kando anaangalia. Akasema, "Kijana, hiyo umevuta sana."

Nikamjibu, "Mama, hii ni mambo ya engine."

Akarudi kwa kyondo chake.

Nikapata boda mpaka Mutomo. Mwenye duka la spare, mzee wa Kiislamu mpole sana, akatandaza kamba kwa meza, akapima na tape, akanipa belt. Saa sita nilikuwa nimerudi.

Ikawa fupi. Vidole vitatu vizima. Tensioner nimeilegeza yote, alternator nimeisukuma ndani mpaka inagusa block, wapi. Nikachukua bisibisi nikajaribu kuipandisha kwa nguvu juu ya pulley. Ikapanda nusu, bisibisi ikateleza, nikajichana mkono.

Nikakaa chini barabarani. Sitawadanganya, nilitaka kulia. Simu ya Mzee ikaita, ni shemeji yake kutoka Kalamba. Nilisikia sauti upande wa pili: "Mutua, tena?"

Mzee akamjibu, "Tuko njiani." Sauti yake ilikuwa ndogo. Mtu mzima, amemshika beberu pembe, jasho linamtoka, na hawezi hata kujitetea kwa sababu mara mbili za kwanza kweli alidanganya.

Mama Mwende akaja. Akaokota ile kamba, akaivuta mbele ya macho yangu, akaiachilia. Ilirudi kama mjusi ukimgusa.

"Umeona?" akasema. "Kamba ya mbuzi inasokotwa legevu, ndio isikate mbuzi shingo. Wewe ulipima ikiwa ndefu, ukaenda duka nayo ikiwa imerudi."

Nikaiokota ile belt fupi nikaiweka kando.

"Uzi ya kyondo hairudi. Mimi nikisokota kwa paja yangu navuta mpaka inakataa."

Akachukua uzi uliobaki. Ulikuwa mfupi, haukufika hata nusu ya njia. Akakaa kwa ngazi ya lori, akageuza kyondo, akaanza kufumua. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, zile nyekundu alizokuwa amezimaliza asubuhi hiyo akiimba.

Mzee akapiga kelele kutoka kwa mgunga, "Mama Mwende, wacha! Hiyo ni ya mama yako!"

Akamjibu bila kuinua kichwa: "Mama amengoja mbuzi miaka thelathini, si kyondo. Nimezaa watoto wanne, Baba Mwende, na nikienda nyumbani bado mimi ni msichana wa baba. Hakuna mtu ananiuliza habari ya bwana. Nimechoka."

Mzee akainamisha kichwa karibu na kile cha beberu. Nilimhurumia, na nilimhurumia mama zaidi.

Akaunganisha nyuzi kwa mafundo madogo hata huyaoni. Akanipa mwisho mmoja akashika mwingine. Mara hii nilifanya alivyosema: tensioner nikaiweka katikati, si mwisho huku wala huku, uzi ukafuata pulley ukiwa umenyooka lakini bila kulazimishwa. Yeye ndiye aliyekata.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa ile maneno ya engine."

Akasema, "Enda. Boda inangoja."

Kule Mutomo mwenye duka alipoona uzi akatabasamu. "Kamba ya mbuzi hupimia mbuzi, bwanangu." Akapima, akanipa belt mbili zinazofuatana kwa urefu, akasema nijaribu, ile isiyokaa nimrudishie siku nikipita.

Ya kwanza ilikaa. Nilikaza tensioner, nikaizungusha belt kwa kidole gumba, ikapinda robo mzunguko, ikakataa kuendelea. Nikawasha. Haikulia hata kidogo. Saa tisa kasoro tukaondoka, beberu akiwa sakafuni mbele na sisi kwa sababu hakuwa na kamba. Harufu hiyo iko kwa viti mpaka leo.

Sijawahi kuendesha lori hilo hivyo. Kibwezi, Mombasa road, tukakata kuingia ndani. Saa kumi na mbili kasoro dakika chache tukaingia boma la Kalamba. Wazee walikuwa wameshasimama, mmoja ameshika baiskeli.

Baba yake Mama Mwende haoni vizuri. Aliletewa mbuzi mmoja mmoja, akawapapasa migongo, akahesabu: mmoja, wawili, watatu. Beberu akachinjwa pale pale, wakaongea yao ya wazee mimi nikiwa pembeni na chai.

Baada ya nyama yule mzee akaita binti yake. Mama Mwende akaja akapiga magoti. Mzee akamwekea mkono kichwani, akamwambia kwa Kikamba maneno ambayo nitayaweka kwa Kiswahili hivi:

"Sasa nenda kwako."

Ni hayo tu. Mzee Mutua alilia mbele ya mashemeji wote. Mama Mwende hakulia, alibaki pale chini muda mrefu, mkono wa baba yake bado uko kichwani.

Wakuu, funzo la lori ni rahisi. Ukibadilisha kitu chochote kwa engine yako, andika namba ya belt inayokaa, nunua spare kwa namba hiyo, na uivalishe siku hiyo hiyo uone. Usinunue kwa jina la gari. Na mtu anayejua kamba akikwambia habari ya kamba, msikilize, hata kama hajui engine.

Lakini sikuandika uzi huu kwa sababu ya belt.

Nikiaga, baba yake Mama Mwende aliniuliza, "Na wewe dereva, zako ulipeleka?"

Nikasema ndiyo.

Nilidanganya. Nimekaa na Kasyoka wangu miaka tisa, tuna wasichana wawili, na kwao Zombe sijawahi kupeleka hata kuku. Nilirudi nyumbani nikamsimulia safari yote, akacheka sana pale kwa beberu. Nilipofika pale kwa "nenda kwako" akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Baba yangu alishafariki, na baba zangu wadogo hatuongei tangu mambo ya shamba. Wanaojua mila, niambieni: nani anaweza kusimama na mimi kama mzee wa kunipeleka? Mzee Mutua amesema yuko tayari, lakini si wa ukoo wetu. Zombe watamkubali?

Mbuzi nimeshawanunua. Wako hapa nje, wanakula kamba.