Chupa ya chai ya Mama

Leo nimemwaibisha mama yangu mbele ya mgeni, na sijui kama nimekosea.

Mnanijua, mdomo ninao. Hapa Nangara nimetamba wee kwamba mimi, kidume wa darasa la saba, nitamfuatilia Mama msaada wa serikali kwa wasioona mpaka aupate.

Mama haoni kabisa, ila ukiyatazama macho yake huwezi kujua.

Sasa leo afisa wa ustawi wa jamii kaja nyumbani kuhakiki.

Mama naye! Kavaa kitenge kipya, kafagia uwanja. Akamimina chai bila kumwaga hata tone. Pale kwake anajua kila kitu kilipo.

"Mama Paulo, mbona unaona vizuri tu?" afisa akauliza, kalamu akaiweka chini.

Mama akacheka. "Kunywa chai, mwanangu. Mimi sina shida."

Sina shida! Nikaona msaada unaondoka hivi hivi.

Nikaisogeza chupa ya chai kimyakimya, mpaka pembeni ya meza.

Mama akanyoosha mkono amwongezee mgeni. Akashika hewa. Akapapasa meza, akaangusha kikombe.

Afisa akainamisha kichwa. Akaokota kalamu. "Jina lako nitalipeleka, mama."

Alipoondoka, Mama akauliza, "Ni wewe umeisogeza?"

"Ni mimi, Mama."

"Irudishe mahali pake."

Nimeirudisha. Tangu hapo hajanisemesha.

Wanangu, nyie mngefanyaje? Nitukaneni tu. Leo sijibu mtu.