Tasnifu ya Binti wa Bwana Mgomo

Ukoo mzima ulimwita Msomi, na si kila mara kwa sifa. Wenzake waliolewa, yeye akasoma; wenzake wakazaa, yeye akasoma. "Huyu vitabu vyenyewe vitamdai talaka," shangazi yake alikuwa akisema. Alipoulizwa shahada hiyo ya uzamili ni ya nini, alijibu, "Uchumi wa siasa za kimataifa," na watu wakaitikia kwa adabu ile ya kumwitikia mgonjwa anayetaja dawa zake.

Ukweli ni kwamba alisomea jambo moja tu. Alitaka kujua ni nani aliyekifunga kiwanda cha nguo.

Mtaani jibu lilijulikana zamani: baba yake. Alikuwa fundi mitambo na mkuu wa kamati ya wafanyakazi, na ndiye aliyeinua mkono mashine zote zikazimwa, wakagoma kwa sababu ya vumbi la pamba lililowajaa vifuani. Mgomo ukaisha, kazi ikarudi, na kabla ya mwaka kwisha kiwanda kikafungwa. Wakamwita Bwana Mgomo. Wengine hawakumwita kabisa. Walivuka barabara wakimwona. Akahamishia ufundi wake sebuleni, akitengeneza cherehani za watu, na Msomi alikua bila kusikia kiwanda kikitajwa. Kuna nyumba zinazoficha pombe. Hii ilificha kiwanda.

Basi Msomi akaota. Maktaba ya chuo ilikuwa na dirisha refu, na jua la alasiri likiingia humo hata takwimu za ushuru zilisinzia. Alikuwa akisoma mikataba ya mikopo na masharti yake, mara mistari inalegea, inakuwa nyuzi, nyuzi zinapanda kwenye mtambo mkubwa usio na ukuta, na mbali kabisa mtu asiye na sura ameshika ncha ya uzi. Akizinduka, shavu liko juu ya kitabu na mkutubi anamtazama kwa huruma. Hakuona haya. Alizipenda ndoto zile kuliko mihadhara, na nusu ya hoja zake alizipatia humo.

Na ncha ya uzi aliipata. Nchi ilipokopa, ilitakiwa iruhusu vitambaa vya nje viingie bila ushuru. Katika nchi jirani zilizokopa kwa masharti yaleyale, viwanda kama kile vilifungwa msimu uleule, na huko hakuna aliyegoma hata asubuhi moja. Msimamizi wake, mzee mkavu asiyesifu hata chai, alisema kazi imeiva. Msomi alilia njiani kwa furaha. Alikuwa anampelekea baba yake msamaha.

Alimkuta ameinamia cherehani ya jirani, miwani puani. Akamsomea polepole, akifafanua maneno magumu, na alipofika penye sentensi aliyoipenda kuliko zote alipandisha sauti: "Mgomo haukuwa na athari yoyote."

Baba aliweka bisibisi chini. "Rudia hapo."

Akarudia.

"Yaani hata tungekaa kimya?"

"Kingefungwa tu, baba. Si wewe. Hukufanya chochote."

Alingoja uso ule ukunjuke. Haukukunjuka. Mzee alitazama mikono yake kama mtu anayetazama kitu cha kuazima.

"Mwanangu, umenivua mzigo, na asante," alisema. "Lakini umenivua na nguo. Walinitukana, sawa. Kosa lilikuwa langu, sawa. Ila nilikuwa mtu aliyefanya jambo. Sasa niwe nani?"

Msomi alitahayari. Muda wote ule alikuwa akimtafuta mtu wa mbali, na hakuwahi kumwuliza aliye nyumbani. "Mlipozima mashine, baba, ilikuwaje?"

Mzee alivua miwani. Kisha macho yakamwenda mbali.

"Kimya," alisema. "Kimya ambacho hatukuwahi kukisikia mle ndani. Darini kuna ndege, kumbe wapo siku zote. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa kwenye kusokota nyuzi, upande wa pili wa ukumbi. Nikamsikia akicheka. Muda wote tuliofanya kazi pamoja sikujua kicheko chake kinafika mbali vile."

"Na mkapata nini?"

"Madirisha. Walitoboa ukuta mzima wakaweka madirisha, vumbi likatoka. Mama yako akaanza kulala bila kukohoa." Aliichukua bisibisi, akaiweka tena. "Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hapo. Ya tatu aliipata baada ya madirisha. Hiyo ndiyo iliyokaa."

Msomi alikuwa mtoto wa pekee. Aliitazama sentensi yake aliyoipenda kuliko zote, akaomba kalamu.