Ndoo ya Mama Kabula

Iko Jumanne moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyopewa cheti changu. Wewe ndiyo kwanza umetoka chuoni, koti lako halina doa, na jana nimekuona ukimwaga ndoo mtaroni. Sikutaka kukukaripia mbele za wagonjwa. Kaa hapa nikueleze.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Watu binafsi waliruhusiwa tena kufungua hospitali, maduka yakaota kila kona ya Mwanza, nami nikaajiriwa kwenye kliniki mpya ya mazoezi ya viungo pale Mabatini. Tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa Mzee Lukas, mtaalamu wa siku nyingi aliyestaafu serikalini. Wagonjwa walimwita daktari, mimi wakaniita sista, na jambo hilo lilinikera mno. Nilijiona najua kuliko yeye.

Jumanne ilikuwa siku ya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Unaushika mguu taratibu, unaunyoosha kidogo, unaufunga kwa bandeji za plasta zilizoloweshwa, nazo zikikauka zinakuwa ngumu. Wiki inayofuata unazibandua, unanyoosha kidogo tena, unafunga upya. Kila mara ndoo ya kuloweshea inabaki na tope jeupe chini. Tangu siku ya kwanza Mzee Lukas aliniambia ndoo iachwe itulie, maji ya juu yamwagwe taratibu kando ya shimo la taka, kisha tope na plasta kuukuu viingie shimoni. Lakini shimo lilikuwa juu kule nyuma ya ua, njia yenyewe mawe matupu, nami nilikuwa nimenunua viatu vizuri vya mtumba. Basi mzee akitoka kwenda kula, ndoo nzima naimwaga mtaroni, na plasta kuukuu nazifuatisha humohumo. Mtaro ulipita chini ya dirisha letu, ukateremka katikati ya nyumba za watu hadi mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Sikuwahi kujiuliza vitu vile vinafika wapi.

Kumbe havikufika mbali. Plasta haipotei kwa kuwa umeimwagia maji. Inagandia huko chini na kukamata kila kinachopita.

Kati ya watoto wangu wa Jumanne alikuwamo Kabula, wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hajawahi kusimama. Mama yake aliuza nyanya sokoni, na chumba walichopanga kilikuwa pembeni mwa mtaro huohuo, chini kidogo ya kliniki. Wakwe zake wa Sengerema walishasema mtoto arudishwe kijijini, kwamba Mungu ndiye aliyemuumba hivyo na watu wa mjini wanamtesa bure. Mama Kabula akawaomba wamwachie mpaka mavuno. Tulikuwa tumefunga plasta ya sita na unyayo umeanza kukaa sawa. Yule mama alikuwa akihesabu kwa vidole wiki zilizobaki, huku anacheka peke yake.

Masika yakaingia. Mchana mmoja ilinyesha saa nzima, maji yakakosa pa kupita, yakajaa vyumbani mwa watu. Mama Kabula alikuwa sokoni, na jirani aliyeachiwa mtoto alikuwa anahangaika kuokoa unga wake. Mama aliporudi alimkuta Kabula ameketi kwenye maji machafu, plasta imelegea na kuchubua ngozi. Vidonda vile vilitulazimisha kusubiri wiki tatu bila kufunga kitu. Ndani ya wiki hizo mguu ukarudi kulekule ulikotoka.

Jumanne ya kwanza baada ya mafuriko ndiyo ninayokuambia. Mama Kabula aliingia na mtoto mgongoni na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Majirani walikuwa wamezibua mtaro kwa majembe. Akaweka mezani bonge jeupe, na ndani yake plasta kuukuu ya mguu mdogo. Juu yake palisomeka maneno niliyoandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, maana nilipenda sana kuonyesha mwandiko wangu: Kabula, plasta ya tatu.

"Sista," aliniuliza, "hii si ya mwanangu?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Mzee Lukas alikuwa amesimama mlangoni, nami nikamtazama nikitegemea atanitetea.

"Mjibu," akasema.

Nikajibu kwamba ni ya mwanawe, na kwamba niliitupa mimi. Nililia, mwanangu, kwa aibu hasa. Mama Kabula aliningoja nimalize.

"Nitarudi vidonda vikipona," akasema. "Ila ndoo nitaibeba mimi."

Na aliibeba. Tulianza upya, plasta ya kwanza, na kila Jumanne alipanda na ndoo iliyotulia hadi shimoni, mtoto mgongoni. Nilipotaka kumpokea alikataa. Mguu wa mwanawe aliniamini nao, ndoo hapana. Mimi jioni nilikuwa mtaroni na jembe pamoja na majirani, nao wakaniita daktari wa mitaro. Hatimaye nilikuwa nimepata udaktari.

Mavuno yakafika kazi haijaisha, na mama mkwe akaja mwenyewe kumchukua mjukuu. Nilimwamkia, nikamweleza kuwa mguu ulirudi nyuma kwa kosa langu, si la mama wa mtoto wala la Mungu. Akasema atakaa mjini mpaka aone mwisho wa matibabu.

Miezi kadhaa baadaye, mama alipotoka na ndoo, Kabula alijishika ukutani, akasimama na viatu maalumu tulivyomvika plasta zilipoisha, akaanza kumfuata. Bibi yake aliniziba mdomo kwa kiganja nisije nikamshtua. Mtoto alipita ua mzima kwa miguu yake, hadi mama alipogeuka. Ndoo ilimponyoka.

Kwa hiyo sikia. Kunyoosha mguu ni nusu ya kazi yetu. Hiyo nusu nyingine ni mahali mguu huo utakapokanyaga. Mwulize mgonjwa anakaa wapi na maji yake anayachota wapi. Kila unachotupa, iwe plasta, glavu au betri za mashine zenu za siku hizi, kijue kinakoishia kabla hakijatoka mkononi mwako. Na ukikosea, sema mapema, kwa mdomo wako mwenyewe.

Mungu aipe mikono yako wepesi, mwanangu, na kila utakayemsimamisha apate ardhi safi ya kusimama. Haya, inuka. Ndoo ya leo nimeiweka kando tangu asubuhi, na imeshatulia.