Alama ya Asiyepimwa

Siku yangu ya kwanza kazini Arua, miaka ya sabini ikianza, nilipewa penseli, kifutio na rundo la karatasi. Kompyuta yenyewe ilikuwa Kampala. Nyinyi mnaobonyeza mkaona jibu papo hapo mtacheka. Letu lilikuja kwa basi, baada ya wiki mbili.

Nilitunga lugha ya kati. Kompaila, programu inayotafsiri maagizo yetu kwa mashine, haikuvuka kwa hatua moja. Iliyageuza kwanza kuwa lugha hiyo, yenye amri fupi: chukua, linganisha, ruka. Nilichokisahau mimi, mashine isingekijua kamwe.

Tulisoma kadi za wagonjwa wa malale, ugonjwa wa usingizi, tupate orodha ya wa kuitwa tena. Mwenye vijidudu aliandikiwa idadi. Mwenye damu safi, sifuri, na jina lake halikutoka.

Nikahamishiwa Koboko kukagua kadi. Nyingi zilikuwa na nafasi tupu. Nikamuuliza mganga msaidizi.

"Mutu iko Kongo, iko kwa soko, hapana kuja kupimwa," alisema. "Sasa mimi naandika nini, bwana? Naacha tupu."

Hapo nikang'amua. Lugha yangu ilisoma tupu kama sifuri. Asiyepimwa alihesabiwa amepona!

Nikarudi Arua kwa Mkuu wa Sehemu. Nilitaka kuongeza alama ya "haijulikani", na amri ya kuikagua kabla ya kulinganisha.

"Tupu na sifuri, yote iko moja," alisema. "Wewe nataka kuvunja kompaila mzima? Ngoja mwaka kesho."

Nikangoja. Hilo ni kosa langu, si lake peke yake.

Miezi ikapita. Mama Ezaru wa kijiji cha Midia, aliyetuuzia muhogo pale Koboko, akaletwa hospitali kwa baiskeli akisinzia mchana kweupe, asiwatambue hata wanawe. Kadi yake ilikuwa tupu mara tatu, na orodha yangu ilimruka mara tatu. Alifariki juma hilo.

"Andika hiyo alama yako," Mkuu alisema, haniangalii. Ilinichukua siku nne. Siku nne tu!

Orodha mpya ilijaa majina, tukawafuata kijiji kwa kijiji. Wengi tuliwawahi, si wote.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma, nimechoka. Vijana huniambia nijivunie amri ile. Mimi nazikumbuka nyumba za Midia tulikosimama na orodha mkononi, tukaita jina, akatoka mtu mwingine kutujibu.