Hatoki kwa Mama Yake Mpaka Mstari wa Hamsini na Sita

Jua halijapanda kilima cha Madale, na Demetria Audax (43) amekwishakoroga sufuria ya uji wa dona na dagaa waliosagwa. Anaumimina kwenye sinia pana, anaupepea kwa kipande cha boksi. Watoto saba wa mbwa wanamkanyaga miguu. Mmoja mwenye doa jeupe kifuani amening'inia kwa meno kwenye upindo wa kanga yake.

“Subiri wewe. Mama yako hajakufundisha kungoja?” anamwambia.

Mama mwenyewe, mbwa wa kahawia aitwaye Nesi, amelala pembeni kama hajasikia.

Ng'ambo ya ukuta mfupi wa tofali, jirani yake, Bi Somoe Mwinjuma (61), anachora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jiko lake la nje.

“Arobaini na mbili,” anatangaza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Bado kumi na nne, waende zao tulale.”

Bi Somoe, aliyehamia huku kutoka Temeke, hagusi mbwa. Mate yao yakimgusa nguo, kwake ni kazi ya kuosha mara saba. Lakini hesabu ya siku ni yake, na hajawahi kuruka hata moja.

Demetria aliacha kuuza mitumba miaka sita iliyopita, akaanza kufuga mbwa wa ulinzi. Wateja wake ni watu wanaojenga Madale na Goba, ambao wakilala wanaota nondo zinabebwa. Mtoto mmoja wa mbwa humuuza shilingi laki moja na ishirini.

“Siyo pesa ya kununulia gari,” anasema. “Ila ada za wanangu wawili zimetoka humu kwenye sinia.”

Wengi humjia na imani moja: mbwa achukuliwe akiwa wa mwezi mmoja, asimzoee mama yake, ndiyo awe mkali na amjue tajiri wake tu. Demetria naye aliiamini. Miaka mitatu iliyopita alimtoa dume mmoja akiwa na siku ishirini na nane, akaenda kwa mtu wa mtaa wa pili.

Miezi minne baadaye mbwa yule alimng'ata mkono Talha, mjukuu wa Bi Somoe, aliyekuwa na miaka sita. Mtoto alishonwa nyuzi tano, akachomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa.

“Hakuwa na hasira yule mbwa. Walikuwa wanacheza,” anasema Demetria. “Alikuwa tu hajui kwamba meno yanauma. Nani angemwambia, na mie nilimtoa kwa mama yake hajasoma?”

Mzazi unayesoma hapa, usidharau meno ya mbwa mdogo. Mtoto aking'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa kwenu na anaitwa jina zuri.

Baada ya tukio lile afisa mifugo alimweleza Demetria kuwa mtoto wa mbwa akae na mama na ndugu zake angalau wiki nane. Bi Somoe akazigeuza siku hamsini na sita, akatoa sharti lake: hatalalamikia kelele za mbwa, ila asitoke hata mmoja kabla ya mstari wa mwisho.

Saa tatu anaingia Kornelio, karani mwenye nyumba mpya kule juu. Anahamia leo, na anawataka wawili waliobaki bila mwenyewe, akiwamo mwenye doa.

“Wanakula wenyewe, dada. Wanangoja nini tena? Wakikaa na mama yao wanakuwa walegevu,” anasema.

“Rudi baada ya wiki mbili, kaka.”

“Wiki mbili? Nikitoka hapa napita Goba, nawapata leo leo.”

Demetria anapiga hesabu. Wiki mbili ni dagaa wengi, na mteja wa wawili haji kila siku. Anatazama sinia, anatazama ukuta.

“Arobaini na mbili,” inasikika sauti kutoka jikoni kwa jirani.

“Nani huyo?” anauliza Kornelio.

“Mkaguzi,” anajibu Demetria. “Hebu chovya kidole kwenye uji, mpe huyo mwenye doa.”

Kornelio anachovya. Mwenye doa anadaka kidole, anang'ang'ania. Karani anakivuta, anakipuliza, anajifanya hakuumia.

Kisha mwenye doa anamvaa dada yake, anamng'ata sikio. Dada anapiga ukelele, anageuka, anakwenda zake. Mwenye doa anamfuata, anakimbiwa. Anamrukia Nesi shingoni kwa meno. Nesi anamkandamiza chini kwa mdomo, bila kumjeruhi, mpaka anatulia. Anaporudi kwa dada yake, anamgusa kwa pua tu.

“Hapa anafundishwa mara ishirini kwa siku,” anasema Demetria. “Kwako nani atamfundisha?”

Kornelio anakitazama kidole chake. “Mwanangu Clara ana miaka mitatu,” anasema taratibu.

“Basi mwache asome,” inajibu sauti ya jikoni.

Anaondoka mikono mitupu. Hapiti Goba.

Jumamosi mbili baadaye, baada ya mbwa kupewa dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza, Kornelio anarudi na Clara. Demetria anamkalisha mtoto kwenye kigoda, anamshika kiwiko, anampaka uji kiganjani. Mwenye doa analamba. Jino linagusa kidole. Clara anasema “ai” kidogo, na mbwa anaachia palepale, anaendelea kulamba taratibu.

“Usimwache naye peke yake lakini,” Demetria anamwonya baba. “Kusoma siyo kumaliza.”

Ndoto yake ni kujenga banda la tofali lenye benchi, ili kila mteja aje na watoto wake, wakae nusu saa na mbwa kabla ya kumchukua. Tofali sitini zimeshafika.

Jioni watoto wote saba wameshachukuliwa, uwanja umenyamaza. Nesi yuko peke yake kwenye sinia.

“Atazaa tena lini?” anauliza Bi Somoe.

“Mwaka huu anapumzika, mama. Si ulitaka kulala?”

“Nalala,” anajibu Bi Somoe, akiendelea kuipaka chokaa mistari yake hamsini na sita. “Naandaa ukuta tu.”